Faida ilikuwa wapi kwenye picha za Renesansi?

Swali: "Nafundisha historia sekondari. Vitabu vinasema sanaa ya Renesansi ilitokana na imani na vipaji, lakini nasikia pia kwamba yote ilikuwa biashara. Mchoraji alilipwaje, bei ilipangwaje, na faida ilimwendea nani hasa? Na je, dhahabu ya pwani yetu iliingia humo?"

Jibu: Faida ilikuwepo tena kubwa, ila mara nyingi haikuwa pale tunapoitafuta. Mchoraji wa picha kubwa ya altare alikuwa mkandarasi. Alikubali bei moja kwa kazi nzima, akanunua vifaa na kulipa wasaidizi mwenyewe, na kilichobaki ndicho kilikuwa chake. Rangi ikipanda bei katikati ya kazi, hasara ni yake. Kwa hiyo ukitaka kujua fedha zilikopita, usianze na kipaji, anza na mkataba.

Uchukue wa mchoraji Domenico Ghirlandaio, Florence, tarehe 23 Oktoba 1485. Mteja ni Spedale degli Innocenti, nyumba ya kulelea watoto waliotupwa, iliyokuwa chini ya chama cha wafanyabiashara wa hariri. Kazi ni picha ya Mamajusi wakimsujudia mtoto Yesu, ya kuwekwa altare kuu. Bei ni florini kubwa 115 (florini ni sarafu ya dhahabu ya Florence), na ndani ya hizo 115 kila kitu ni juu ya Domenico: rangi, dhahabu ya unga ya mapambo, hata ubao wenyewe, ambao hospitali ilikwisha kuutengenezesha lakini yeye ndiye anayeulipia. Rangi ya buluu lazima iwe ultramarini, buluu ya ghali inayotokana na jiwe, yenye thamani ya florini 4 hivi kwa aunsi. Achore yote kwa mkono wake, asitoke nje ya mchoro wa karatasi waliokubaliana. Amalize ndani ya miezi 30. Akichelewa, faini florini 15. Atalipwa florini 3 kila mwezi kuanzia tarehe 1 Novemba.

Hapo wape wanafunzi kalamu wapige hesabu. Florini 3 mara miezi 30 ni 90. Siku ya kukabidhi kazi, mteja bado ameshikilia florini 25, zaidi ya sehemu ya tano ya bei. Tena kuna kifungu kinachouma kuliko hicho: mtawa Fra Bernardo, aliyeuandika mkataba kwa niaba ya hospitali, ana haki ya kumwita yeyote amtakaye aikague kazi, na akiona haifikii florini 115 atapunguza kadiri aonavyo yeye. Maana yake 115 ni ukomo wa juu, na ukomo wa chini haukuandikwa. Mteja naye amebanwa, ila kidogo: akiruka malipo ya kila mwezi, picha ikikamilika atalipa salio lote kwa mkupuo.

Huyo Fra Bernardo alikuwa wa shirika la Gesuati (si Wajesuiti, hao walikuja 1540), na Gesuati wa Florence walijulikana mjini kwa kutengeneza ultramarini nzuri. Anayeandika kwamba buluu iwe ya bei ya juu anatoka katika nyumba inayoiuza buluu hiyo. Sisemi palikuwa na njama. Lakini ndiyo sababu mkataba unajua kutaja bei kwa aunsi badala ya kuridhika na maneno kama "rangi bora".

Sasa hiyo buluu yenyewe, maana ndiyo iliyokula fedha. Florini moja ilikuwa na gramu 3.5 hivi za dhahabu safi, na aunsi ya Florence ilikuwa gramu 28 hivi. Florini 4 ni gramu 14 za dhahabu kwa gramu 28 za unga: rangi hiyo ilithaminiwa nusu ya uzito wake kwa dhahabu. Ilitokana na jiwe la lapis lazuli lililochimbwa Badakhshan, kaskazini mashariki mwa Afghanistan, likapita mikono mingi hadi Venice, ambako palikuwa na wafanyabiashara waliouza rangi tu na kitu kingine hawauzi.

Jiwe likisagwa tu halitoi buluu safi. Lina chembe nyeupe na za kijivu, na ukisaga vyote pamoja unga unatoka umepauka. Cennino Cennini, mchoraji aliyeandika mwongozo wa kazi yake karibu na mwaka 1400, anatoa kipimo: kwa kila ratili ya unga wa jiwe, aunsi 6 za utomvu wa msonobari, aunsi 3 za mastiki (utomvu mwingine wa mti) na aunsi 3 za nta mpya. Viyeyushwe, vichujwe, vichanganywe na unga hadi liwe donge. Donge likandwe kila siku, muda usiopungua siku tatu mchana na usiku. Kisha linamiminiwa maji ya majivu ya vuguvugu na kukandwa kwa vijiti viwili, na chembe za buluu zinatoka na kutuama chini huku uchafu ukinasa ndani ya donge. Maji yakishika buluu yanamwagwa kwenye chombo chake, mengine yanamiminwa, na kuendelea. Mkamuo wa kwanza na wa pili ndio wenye mali. Cennini anaukadiria kuwa dukati 8 (dukati nayo ni sarafu ya dhahabu) kwa aunsi. Ya mwisho, anasema, haina thamani kuliko majivu.

Udanganyifu ulikaa hapo hapo. Mkamuo wa nne unauzwa kwa jina la mkamuo wa kwanza, au azuriti, madini ya shaba yenye buluu ya bei ndogo, inatiwa ndani kidogo kidogo. Kipimo chake ni moto: unga ukiwekwa juu ya chuma kilichopata moto, azuriti inageuka nyeusi na ultramarini inabaki ilivyo. Lakini kupaka azuriti tabaka la chini na ultramarini nyembamba juu yake haukuwa wizi, ilikuwa mbinu ya kawaida ya kubana matumizi. Wateja waliielewa na wengine wakaipanga wenyewe. Mwaka 1408 mkataba wa Gherardo Starnina wa kuchora ukutani Empoli ulitaka buluu ya Bikira Maria iwe ya florini 2 kwa aunsi, na sehemu nyingine zote ya florini 1. Daraja la mtakatifu lilisomeka kwenye bei ya nguo yake, na waumini wa mjini, waliozoea kushika vitambaa na kupima rangi zake, walilijua hilo kwa macho.

Dhahabu nayo ilikuwa na ujanja wake. Mpigaji dhahabu alichukua dukati moja akaiponda hadi ikawa vipande vyembamba vya kubandika. Cennini analalamika kwamba dukati isingepaswa kutoa zaidi ya vipande 100, lakini wao walitoa 145. Kipande chembamba mno hupasuka wakati wa kung'arishwa, na udongo mwekundu uliopakwa chini hujitokeza. Mchoraji aliyenunua rahisi akaishia kupaka tabaka mbili.

Baada ya vifaa, kilichobaki kwa mchoraji kilikuwa mikono, yake na ya watu wake. Viwango vya mishahara vya Vatikani mwaka 1447 vinaonyesha pengo waziwazi: Fra Angelico alihesabiwa florini 200 kwa mwaka, msaidizi wake Benozzo Gozzoli florini 7 kwa mwezi, na wasaidizi wawili wa chini yao florini 1 kwa mwezi kila mmoja. Kwa tofauti hiyo, kila saa ya kazi iliyohamishwa kutoka kwa bwana kwenda kwa kijana ni faida. Ndiyo maana wateja walianza kuandika ulinzi wao. Piero della Francesca, Juni 1445 huko Sansepolcro, alikubali florini 150 kwa picha ya Bikira wa Huruma kwa sharti kwamba hakuna mchoraji mwingine atakayeshika brashi. Alipewa miaka mitatu, na kazi ikaburuta zaidi ya miaka kumi. Orvieto mwaka 1499 walikuwa na akili zaidi: walimdai Luca Signorelli achore mwenyewe nyuso zote, na miili kuanzia kiunoni kwenda juu. Miguu na mawe, vijana wafanye. Hiki ni kifungu kinachotekelezeka. Cha "yote kwa mkono wake" hakikutekelezeka hata kwa Ghirlandaio, kwani mauaji ya watoto yanayoonekana nyuma ya Mamajusi, pamoja na picha ndogo za chini, ni kazi ya Bartolomeo di Giovanni. Hospitali iliipokea, na picha ina tarehe 1488.

Njia ya pili ya kuongeza faida ilikuwa kutumia mchoro uleule tena. Karatasi kubwa ya mchoro ilitobolewa matundu madogo kufuata mistari, ikawekwa juu ya ubao, ikapigwapigwa kwa kifuko cha unga wa mkaa. Matundu yaliacha nukta, nukta zikaunganishwa, na malaika wa Perugia akazaliwa tena Florence. Mchoraji Perugino alifanikiwa sana kwa njia hii mpaka watu wa Florence wakaanza kumsema kwamba anarudia sura zilezile.

Wapo waliopata hasara. Leonardo da Vinci na ndugu wawili wa ukoo wa de Predis walisaini Milan tarehe 25 Aprili 1483 na udugu wa kidini, lira 800 kwa picha na kwa kupaka rangi na dhahabu fremu kubwa iliyokwisha kuchongwa. Hapo ndipo walipokosea mahesabu. Baadaye walidai kwamba fremu peke yake ilimeza hizo 800, wakataka nyongeza. Wateja wakaikadiria picha ya katikati kuwa ya dukati 25, wakati wachoraji walisema wapo wanunuzi wa nje walio tayari kutoa 100. Mgogoro ulifikia hukumu mwaka 1506 na malipo ya mwisho yakafanyika 1508. Ndiyo sababu leo kuna picha mbili za Bikira wa Miamba, moja Paris na nyingine London. Ya kwanza inaaminika iliuzwa kwingine. Funzo la kikazi ni dogo tu: usichanganye bei ya fremu na ya picha katika kifungu kimoja.

Ama mnunuzi, faida yake ilianza kabla hajamwita mchoraji. Kanisa lilikataza riba, na benki iliishi kwa riba. Suluhisho likawa hawala. Mtu alipokea florini Florence, akaahidi kulipa kwa fedha ya London baada ya miezi mitatu au ya Bruges baada ya siku 60, ambao ndio muda uliozoeleka wa hati kusafiri. Kule fedha ilibadilishwa na kurudishwa kwa hati nyingine, na kiwango cha kubadilishia kilikuwa kimepangwa kwa namna ambayo mkopeshaji kwa kawaida alibaki na ziada. Kwa kuwa kiwango kingeweza kumgeuka, wanasheria wengi wa Kanisa waliiita biashara badala ya mkopo. Wengi, si wote. Shaka ilibaki, na aliyechuma kwa riba alitakiwa kurudisha. Wenye haki wasipojulikana, fedha ziende kwa maskini au kwa Kanisa.

Hapo ndipo majengo yanapoingia. Cosimo de' Medici, ambaye baba yake aliianzisha benki mwaka 1397, aliigharimia nyumba ya watawa ya San Marco kujengwa upya na kupambwa na Fra Angelico. Muuza vitabu wake, Vespasiano da Bisticci, anaeleza kwamba dhamiri ilimsumbua kuhusu baadhi ya mali yake, akamwendea Papa Eugenio IV, akaelekezwa atumie florini 10,000. Akatumia zaidi ya hizo mara kadhaa. Unaweza kuyaita toba, na nadhani toba ilikuwemo kweli. Lakini kwenye altare ya San Marco wamepiga magoti watakatifu Kosma na Damiano, wasimamizi wa ukoo wa Medici, na kila aliyeingia alijua nani alilipa. Kwa mwenye benki, sifa ya uthabiti ni mtaji: watu huweka amana kwa mtu anayeonekana hatayumba.

Kuonekana tu hakutoshi, hata hivyo. Tommaso Portinari aliongoza tawi la Medici huko Bruges, akamkopesha mno mtawala wa Burgundy, Charles the Bold, na tawi likaangamia. Picha kubwa ya altare aliyoiagiza kwa Hugo van der Goes ilisafirishwa kwa meli kupitia Sicily hadi Pisa, ikapanda mto Arno, na Mei 1483 ikahitaji wapagazi 16 kuifikisha hospitali ya Santa Maria Nuova. Kufikia hapo ubia wa Bruges ulikuwa umekwisha vunjwa.

Antwerp walifanya tofauti kabisa. Kuanzia 1460 kanisa kuu la pale lilikodisha vibanda kwenye ua wake ambako picha na altare za kuchongwa ziliuzwa zikiwa tayari, bila mkataba wala mteja anayejulikana mapema. Chama cha mafundi kiligonga alama ya mkono kwenye mbao iliyokaguliwa, na mnunuzi wa mbali alinunua kwa kuiamini alama.

Aliyeelewa somo hili kuliko wote ni Albrecht Dürer wa Nuremberg, na hapa ningewaomba wanafunzi wakae kidogo. Mwaka 1507 alikubali kumchorea mfanyabiashara wa Frankfurt, Jakob Heller, picha ya altare kwa florini 130 za Rhine (sarafu ya Ujerumani, si ile ya Florence). Kazi ikamwelemea, tabaka za rangi ziliongezeka, buluu nzuri ikala fedha, na barua zake kwa Heller zikageuka za kudai nyongeza. Mwishowe, 1509, alipata 200. Katika barua mojawapo anasema wazi kwamba uchoraji wa makini kiasi hicho haulipi, na kwamba angeshikilia uchongaji wake wa kuchapa angekuwa tajiri zaidi kwa florini 1,000. Huenda ametia chumvi, lakini hesabu iliyo nyuma yake ni sahihi. Picha ya altare inauzwa mara moja kwa mtu mmoja anayeweza kupunguza bei. Bamba la shaba linachongwa mara moja na kutoa mamia ya nakala nzuri kabla mistari haijafifia. La mbao linastahimili zaidi. Gharama inayoongezeka kwa kila nakala ni karatasi, wino na mkono wa mchapaji. Hakuna ultramarini.

Alijipanga mapema. Mwaka 1497 aliajiri wakala wa kupeleka picha zake za kuchapa mji hadi mji na kuziuza kwa bei ya juu kadiri iwezekanavyo. Mwaka 1498 alichapisha mwenyewe picha 15 za Ufunuo wa Yohana. Mkewe Agnes aliuza kwenye maonyesho ya Frankfurt, mama yake kwenye soko la Nuremberg.

Kasoro ya bidhaa inayonakilika ni kwamba na wengine wanaweza kuinakili. Mchongaji wa Italia, Marcantonio Raimondi, alichonga upya kwenye shaba mfululizo wa Dürer wa maisha ya Bikira Maria, pamoja na alama ya Dürer ya AD, herufi za jina lake. Mwaka 1511 Dürer alichapa onyo kali kwa waigaji, akijikinga na kibali cha Kaizari Maximilian. Mwaka 1512 baraza la Nuremberg lilimwagiza muuzaji mmoja aondoe alama ya AD kwenye nakala zake. Picha zenyewe hazikukatazwa. Kilicholindwa kilikuwa alama. Ukiniuliza ni lini jina la msanii liligeuka kuwa mali inayotetewa mbele ya mamlaka, ningekuonyesha agizo hilo kabla ya picha yoyote ya Italia.

Nimalizie na swali lako la pwani. Dhahabu ya florini ilitoka kwa wingi Afrika Magharibi kupitia Maghreb, hivyo kwa miaka ya Ghirlandaio jibu ni hapana. Baada ya 1498, Wareno walipofika pwani, hali inabadilika. Mfanyabiashara wa Florence aliyekaa Lisbon, Bartolomeo Marchionni, aligharimia meli moja katika msafara wa Mreno Cabral wa mwaka 1500, uliotia nanga Kilwa na Malindi. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa, Ibrahim, kutoa kodi kwa mfalme wa Ureno, na mithkali 1,500 (kipimo cha uzito wa dhahabu) za dhahabu hiyo zikatengenezwa chombo cha kuonyeshea Ekaristi, kazi ya sonara Gil Vicente, kilichokamilika 1506. Mfalme Manuel I alikiacha kwa wosia kwa monasteri ya Belém. Kwa hesabu tuliyoanza nayo, hiki ni kisa tofauti kabisa: malighafi, ambayo kwa Ghirlandaio ilimla mchoraji, hapa haikununuliwa na mtu yeyote. Kipo leo Museu Nacional de Arte Antiga, Lisbon, na maandishi yanayozunguka kitako chake yanataja wazi dhahabu na kodi ya Kilwa, kwa hiyo wanafunzi wako wanaweza kuitafuta picha yake na kulisoma jina hilo wenyewe.